Salama, Ila Kadi Haijarudi

Meneja wetu aliamini kwamba hata kompyuta inapaswa kufundwa adabu. Nasema aliamini kwa kumstahi tu. Sidhani kama mtu yule aliwahi kuamini jambo lolote kikao kikishakwisha. Lakini hili la adabu alilishikia bango kweli kweli, na aliyeumia si yeye, ni mama yangu mdogo.

Ofisi yetu iko Nyamagana, jijini Mwanza, ghorofani, juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukifungua dirisha unasikia mabati yakishushwa, ukilifunga unamsikia meneja. Kazi yetu ni kutunza seva, yaani kompyuta kubwa zisizo na kioo wala kibodi, zinazoendesha shughuli za watu walio mbali. Mimi ndiye msimamizi wa seva hizo. Kwenye kitambulisho ninachovaa shingoni nimeandikwa afisa mwandamizi, lakini wageni wakija mimi ndiye ninayeulizwa kama chai imechemka. Dharau niliyonayo kwa ofisi ile sikuzaliwa nayo. Nimeilea mwenyewe, kidogo kidogo, kikao baada ya kikao, na sasa imekua na ina afya nzuri.

Miongoni mwa wateja wetu kulikuwa na chumba cha baridi kilichojengwa Mkolani, kando ya barabara ya kuelekea Busisi, kwa ajili ya akina mama wauza samaki. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na nasema hivyo mimi nisiye mwepesi wa kusifu. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, gari la samaki halisubiri tena foleni ya kivuko. Unapakia Mkolani asubuhi, unavuka, na kabla jua halijakuwa kali uko Geita. Kilichokosekana ni mahali pa kulaza samaki wakiwa wabichi. Basi kikajengwa hicho chumba, na kompyuta ya kukiangalia ikawekwa kwetu mjini.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza kulaza samaki mle. Ni mjane, mtu wa pwani ya ziwa upande wa Mara, na tangu nikiwa shule anauza sato wa kukausha kwa moshi kwenye meza yake pale sokoni Mwaloni. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia samaki. Hilo ndilo jambo pekee analojivunia waziwazi. Hajivunii watoto, hajivunii nyumba, na mimi niliyesoma hanijivunii hata kidogo. "Samaki wangu harudi," husema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa mpishi mkuu wa kantini moja kubwa huko Geita alikuwa amemwambia amletee sato wabichi kwa kujaribu. Wakifika wazuri, atakuwa anachukua kwake kila Ijumaa. Mama mdogo aliipokea habari hiyo kwa namna ambayo sijawahi kumwona nayo. Aliikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Macho yake yameharibika kwa moshi. Daktari alishamwambia kwamba akiendelea kuinamia moto ule ataishia kushikwa mkono na wajukuu, na yeye alimjibu daktari kwamba amemsikia, kisha akarudi kuinama kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kula. Sato wabichi wa Geita ndio walikuwa njia. Kila kitu kilikuwa kinategemea Ijumaa moja.

Na meneja wetu, kwa akili zake, akapanga kuihamisha kompyuta ya chumba cha baridi siku ya Alhamisi, mkesha wa Ijumaa hiyo, kwa hafla.

Nieleze uhamisho wenyewe, maana hata meneja hakuuelewa na alikuwa akihutubia juu yake. Ndani ya seva moja tunaweza kuweka kompyuta nyingi zisizo na mwili, tunaziita kompyuta pepe. Kila moja inajiona kompyuta kamili na haijui kwamba inaishi ndani ya nyingine. Seva ikizeeka, unaweza kuichukua kompyuta pepe ikiwa macho na kazini, ukaihamishia kwenye seva mpya bila kuizima. Ukilifanya vizuri ni jambo la kupendeza. Ugumu uko kwenye vifaa vyenye mwili. Kompyuta ya Mkolani ilikuwa ikiwasiliana na chumba cha baridi kupitia kadi iliyochomekwa kwenye seva ya zamani, na kadi haiwezi kupita hewani. Kwa hiyo kompyuta pepe inaiachia kadi ya huku, inahama, kisha inashika kadi nyingine iliyochomekwa kwenye seva mpya. Kati ya kuachia na kushika ni kipofu. Haijui kama samaki wana baridi au joto, na haiwezi kuiambia kompresa, ile mashine inayoleta baridi, iwake.

Ndiyo maana kuna taarifa. Kadi ikitoka, mfumo unasema imetoka. Ikirudi, unasema imerudi. Ikishindwa kurudi, unapaswa kupiga kelele mpaka mtu ainuke kitini. Taarifa hizo niliziandika mwenyewe, fupi, kwa rangi nyekundu: kadi imetoka, kadi imerudi, kadi haijarudi.

Siku ya mazoezi meneja alikuja kuzitazama akiwa na mtaalamu aliyemwagiza kutoka Dar. Huyo mtaalamu alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na alikuwa na tabia ya kusema "simpo" kabla hujamaliza kumweleza tatizo. Meneja aliinamia skrini, akasoma, akajinyoosha taratibu.

"Hii ni lugha gani?"

"Ni taarifa, bosi."

"Taarifa! Unamvamia mtu mzima na 'haijarudi', hata hujamsalimia? Wageni rasmi wataisoma hii?"

Hapa inabidi niwe mkweli, ingawa meneja hastahili. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu akikupigia simu kukuambia ghala limeungua, mtaanza na habari za asubuhi, ni nzuri, za watoto, ni nzuri, mvua je, inanyesha, tunashukuru, huko wote wazima, salama kabisa, ila ghala limeungua. Baba alipofariki, kaka yangu alinipigia na kunieleza hali ya mihogo kwanza. Nilijua kuna jambo tangu aliposema mihogo, maana kaka hanipigii kwa ajili ya mihogo, na nilipata nafasi ya kutafuta kiti. Neno lenyewe lilinikuta nimekaa, na mpaka leo nashukuru. Ila kompyuta haina mihogo, na anayesoma taarifa yake hahitaji kiti. Anahitaji kukimbia.

Nilimwambia hivyo. Meneja akatabasamu lile tabasamu lake la vikao.

"Dada, sisi ni Watanzania. Kila taarifa ianze na 'salama'. Halafu kama kuna changamoto, iwekwe mbele ya safari, kwa 'ila'. Kistaarabu."

"Simpo," akasema mtaalamu.

Na ndiye aliyezibadilisha taarifa zangu, kwa mikono yake laini. Kisha akaongeza busara yake mwenyewe. Akaupanga mfumo utazame neno la kwanza la kila taarifa: likiwa ni salama, mstari wote uwe kijani, na mlinzi wa Mkolani atumiwe meseji ya kutulia. Nilimuuliza ni taarifa ipi basi itakayokuwa nyekundu, ikiwa zote zinaanza na salama. Alifikiri, nakiri kwamba alifikiri, halafu akasema kwamba nyekundu haipendezi kwenye projekta.

"Bosi," nilisema, "kadi isiporudi, samaki wataoza kwa rangi ya kijani."

Meneja akacheka, akamgeukia mgeni wake. "Huyu dada ana hasira sana. Ndiyo maana..." Hakumalizia. Huwa hamalizii, lakini ofisi nzima inajua kinachofuata, kwamba ndiyo maana sijaolewa. Kabla ya jioni nilikuwa nimeondolewa kwenye kazi ya kuhamisha na kupangiwa mapokezi. Mtu aliyezijua seva zile kuliko alivyozijua vidole vyake akapewa kazi ya kuhakikisha sambusa zinafika zikiwa za moto.

Alhamisi asubuhi ukumbi wetu wa mikutano ulijaa. Kulikuwa na wageni rasmi, kamati ya kitu fulani, wapiga picha, na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe kana kwamba kompyuta inaolewa. Meneja alivaa shati lake la kitenge la hafla na akahutubia kuhusu mchakato, wadau, na namna ambavyo teknolojia yetu imezingatia utamaduni wetu. Nilisimama nyuma, karibu na birika. Ukutani palikuwa na mwanga mkubwa wa projekta. Mtaalamu akabonyeza.

Salama. Kompyuta iko tayari kuhama.

Salama, ila kadi ya baridi imetoka.

Salama. Kompyuta imehama.

Salama, ila kadi ya baridi haijarudi.

Yote kijani, kijani safi ya majani ya mgomba. Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja mwenye tumbo la heshima alisoma neno la kwanza kwa sauti, kila mstari, "salama, salama, salama," na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nilisubiri kidogo, maana kadi hata ikichelewa huwa inarudi mtu akihesabu pumzi chache. Haikurudi. Mtaalamu alikuwa ameshaanza kupeana mikono na watu.

"Kadi haijarudi!" nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa, na sijutii.

Ukumbi ukageuka. Meneja alinitazama kwa huruma iliyotengenezwa.

"Dada, hata wageni hujawaamkia."

Kicheko kikazunguka. Nikajua kwamba nisipopita mlango huo sitasikika.

"Shikamooni," nikasema. "Kadi haijarudi."

"Marahaba!" wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha kubwa, na hilo lilikuwa ndilo jibu lote nililopata. Mtaalamu aliinua kidole gumba juu kutoka kule mbele. "Itarudi yenyewe," akasema. "Simpo." Mtu akaniuliza kama kuna sambusa za kuku.

Niliiweka sinia mezani, nikashuka, nikapanda bodaboda hadi Mkolani. Njiani nilimpigia mama mdogo. Hakupatikana, kama nilivyotarajia. Alikuwa amelaza sato wake mle alfajiri, kabla mlango haujafungwa kwa ajili ya hafla, kisha akaenda kisiwani kuwaona wavuvi wake, na simu yake ikifika huko huwa ni kifaa cha kutazamia saa.

Mlinzi wa chumba cha baridi ni mtu mzima, nilimwamkia, akaniitikia vizuri na kunipa kigoda. Nilimuuliza kama amepata taarifa yoyote kutoka mjini. Akatoa simu yake ya kitochi mfukoni.

"Nimepata nyingi, mwanangu. Zote salama."

"Ulizisoma mpaka mwisho?"

"Zinaanza salama," alisema, na kwa kweli alikuwa akinishangaa. Mtu akishakwambia salama, nani anaendelea kumhoji?

Nilisogea ukutani nikasikiliza. Kompresa ilikuwa kimya. Mlinzi akaniambia imepumzika tu, huwa inapumzika. Ni kweli, huwa inapumzika. Baridi ikitosha, kompyuta inaiamuru ilale, na joto likianza kupanda inaiamuru iamke. Kadi ilitoka wakati kompresa imeamriwa kulala. Sasa ilikuwa imelala kwa utiifu wote, ikingoja amri kutoka kwa kompyuta isiyo na mdomo. Swichi ya kuiwasha kwa mkono ilikuwa ndani. Nje palikuwa na kufuli jipya lililofungwa utepe mwekundu, na ufunguo alikuwa nao meneja, ili aufungue mlango mbele ya kamera.

Nilikaa kwenye kigoda kile nikiwachukia watu. Sikuwa na kazi nyingine. Nilimpigia meneja, hakupokea. Nilimwandikia, na nilianza meseji ile kwa "Habari za mchana bosi", Mungu anisamehe, ili aisome. Hakuisoma. Walikuwa kwenye chakula, ufukweni, na ukiwa ufukweni na wageni rasmi simu huwa zinawekwa kifudifudi mezani.

Walifika alasiri, msafara mzima, wameshiba. Meneja alikata utepe, akafungua mlango, na akasimama pale pale mlangoni kuhutubia huku mlango ukiwa umeshikiliwa wazi na mpambe, jua likiingia ndani hadi kwenye kreti za mama mdogo. Barafu hamkuwa na hata punje, kwa sababu akina mama walikuwa wameambiwa na ofisi yetu kwamba barafu ni mambo ya kizamani. Wageni waliingia kwa zamu kupigwa picha karibu na samaki. Yule mwenye tumbo la heshima alifuta jasho shingoni, akasema, "Kuna hewa nzuri humu." Nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuwa anatoka jasho ndani ya jokofu na bado anasifu.

Nilijipenyeza mpaka kwa meneja.

"Bosi, kompresa imezima. Washa kwa mkono, swichi iko hapo nyuma yako. Naomba."

"Skrini inasemaje?" aliuliza bila kuacha kutabasamu.

"Inasema kadi haijarudi."

"Inasema salama." Aliinama sikioni mwangu. "Umeniaibisha asubuhi. Usiniaibishe mara ya pili. Na usiguse kitu, mtaalamu amesema mtu akigusa anaharibu."

Kisha akatoka, akaufunga mlango kwa kufuli, akautia ufunguo mfukoni mwa kitenge chake. Nilirudi mjini nikakuta mtaalamu ameshaondoka kuwahi ndege. Nywila zote za seva mpya alikuwa amezibadilisha, kwa ajili ya usalama. Simu yake ilikuwa imezimwa, yuko angani huko juu ya mawingu na miwani yake. Nilisimama mbele ya seva nikiiona kadi kwa macho yangu. Ilikuwa imechomekwa nusu nusu, imeinama upande mmoja. Nikaisukuma, ikaingia. Lakini kuingia kwake hakukusaidia kitu, kwa kuwa mfumo ulipaswa kuambiwa uishike, na mimi sikuwa tena na mlango wa kuingilia kuuambia.

Mama mdogo aliporudi jioni nilimweleza yote tukiwa tumesimama uani kwake. Tulimpigia meneja pamoja, kwa simu yangu na kwa simu yake. Hakupokea yoyote.

"Kesho watafungua," alisema mama mdogo. "Tutaona."

Asubuhi meneja alikuja Mkolani amechangamka, na mpiga picha nyuma yake, kwa sababu alitaka picha ya shehena ya kwanza ikielekea darajani. Gari la kukodi la mama mdogo lilikuwa limeshafika. Mama mdogo alikuwa amevaa kanga mpya. Meneja alimwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, umelalaje, nyumbani hawajambo, na mama mdogo aliitikia kila kimoja kwa utulivu ambao mimi ningeshindwa. Kisha mlango ukafunguliwa.

Haikuwa harufu ya kuoza. Ni ile harufu inayotangulia, ambayo mtu wa ofisini hawezi kuitambua lakini mwanamke aliyekulia ziwani anaijua kabla hajavuka kizingiti. Mama mdogo aliingia, akachukua sato mmoja, akamfunua mashavu, akamsogeza karibu na macho yake mabovu. Akambonyeza ubavuni kwa kidole. Kishimo kikabaki. Akamrudisha, akachukua mwingine chini ya kreti, kisha mwingine kwenye kreti ya pili.

"Wamelegea," alisema.

"Mama," meneja akaanza, na akatoa simu yake, "mfumo unaonyesha salama tangu jana. Tazama mwenyewe. Kijani tupu."

Mama mdogo hakuitazama simu. Alivuka barabara na sato mmoja mkononi, akaenda kwa mama ntilie wa ng'ambo, na tukamwona akimparua, akimpasua, akimtia kwenye mafuta. Meneja aliniuliza anafanya nini. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Baadaye alirudi na sinia: ugali wa moto, chumvi pembeni, na sato aliyekaangwa akawa wa dhahabu kabisa, ukimwona kwa macho tu ungelamba midomo. Akaweka sinia juu ya kreti iliyofunikwa. Akamletea meneja maji ya kunawa.

"Karibu chakula, baba."

"Aah, mama, ahsante, mimi nimeshakunywa chai."

"Onja tu. Mgeni haachwi hivi hivi."

"Nina vidonda vya tumbo, mama, mafuta yananisumbua."

"Utaonja kidogo. Ukimla huyu, mimi napakia gari, nakwenda Geita, na hapa umwambie huyo apige picha." Alisema bila ukali wowote. Alikuwa amemshikia jagi na beseni, ameinama, kama anavyonawishwa mtu wa heshima.

Nimemdharau mtu yule kwa mambo mengi, lakini pale, kwa mara ya kwanza, nilipata raha ya kumdharau. Adabu aliyotuhubiria ilikuwa imemkaba shingo. Hakuweza kukataa maji; alinawa. Hakuweza kukataa sinia, alikaa. Dereva alikuwa anatazama, mlinzi alikuwa anatazama, mpiga picha alikuwa ameshusha kamera. Meneja alikata tonge la ugali, akalifinyanga kwa muda mrefu, mkono ukaelekea kwa samaki, ukasita, ukahama njia. Akachovya kwenye chumvi. Akala ugali na chumvi, mtu mzima, mbele ya sato mzima. Akakata tonge la pili, akachovya kwenye chumvi tena.

"Nimeelewa," alisema mama mdogo, na akaondoa sinia.

Ndipo meneja alipopata sauti. Akaanza kueleza kwamba tusikuze mambo, kwamba wakitiwa barafu sasa hivi na ndimu kidogo watafika, kwamba mpishi wa kantini anapika kwa viungo vingi na hawezi kujua. Kwamba tukirudisha gari sasa, watu wataongea. Aliongea kwa muda. Mimi nilifungua mdomo nimwambie yote niliyokuwa nimeyalea miaka ile, na mama mdogo akanizuia kwa kunikabidhi simu yake. Mikono yake ilikuwa na utelezi wa samaki.

"Mpigie wa Geita. Unishikie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, nikaishikilia mbele ya uso wake. Mpishi alipokea haraka, na tulisikia masufuria yakigongana nyuma yake.

"Mama! Habari za Mwanza?"

"Samaki wameharibika," alisema mama mdogo. "Walilala kwenye joto. Sikuletei."

Masufuria yaliendelea kugongana. Mpishi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuhesabu midomo, kwamba leo ana watu wengi sana wa kulisha, kwamba alimtegemea yeye, je, hakuna mwenzake yeyote anayeweza kumwokoa?

Mama mdogo alifumba macho. Kuna mwanamke mwenye meza jirani na yake pale Mwaloni, tangu zamani hawasemezani. Waligombea wavuvi, wakagombea wateja, na msibani kwa mume wa mama mdogo mwanamke yule hakufika. Nilimwona mama mdogo akifikiri. Meneja alikuwa anamtikisia mkono, asiseme, asubiri, lipo la kufanya.

"Mwenye meza inayofuata yangu," mama mdogo alisema. "Ana sato wa asubuhi ya leo, nimewaona wakishushwa. Wazuri. Dereva wangu atampakia, gari nimeshalikodi."

"Na wiki ijayo, mama?"

"Akikuletea wazuri, chukua kwake."

Akanipa ishara nikate simu. Kisha akaomba koleo, na yeye, mimi na mlinzi tukaanza kumwaga kreti kwenye shimo nyuma ya jengo, huku meneja akiwa ndani ya gari lake ameinua vioo.

Taarifa ya hafla iliandikwa na ikasambazwa. Ilisema uhamisho ulifanikiwa kwa asilimia zote na kwamba wadau waliridhika. Nywila zilipopatikana niliirudisha kadi kazini kwa muda mfupi kuliko ule ambao meneja alitumia kukata utepe. Taarifa zangu nimezirudisha kama zilivyokuwa, nyekundu na bila salamu. Meneja hajaniuliza, na nadhani haziangalii tena, kwa kuwa hakuna projekta.

Kila Ijumaa gari la yule jirani linavuka kwenda Geita. Mpishi anamsifu. Juzi nilipita kwa mama mdogo kumpelekea dawa ya macho, nikamkuta uani ameinamia kichanja, moshi umemfunika hadi kiunoni, anapapasa samaki kwa vidole mmoja mmoja, kwa sababu siku hizi hawezi tena kuona ni yupi amekauka.